Siku Tuliyofuta Wanja

Fomu ilikuwa na maswali kumi na tisa, na niliyajibu yote kwa kalamu nyeusi bila kukata neno hata moja. Siku nne kabla nilikuwa nimeomba nakala yake nikaenda nayo kazini, nikatoa nyingine mbili za kufanyia mazoezi. Kazi yangu ni kuchapa na kutoa nakala katika duka dogo la Ganjoni, kadi za harusi hasa, na wateja wananijua kwa jambo moja: mimi ndiye ninayewapigia simu jioni kuwauliza kama wana hakika na jina la bwana harusi. Mwenye duka hunicheka. Hajui kwamba nikifika nyumbani huisoma ile kadi tena kwenye simu, natafuta kosa ambalo likiwapo limeshachapwa na kusambazwa mji mzima.

Fomu ilikuwa ya mdogo wangu. Ana miaka kumi na minne na ana usonji, na asubuhi ile alikuwa aingizwe kwenye mashine ya sumaku ya kupiga picha za ubongo. Ana chuma chochote mwilini? Hapana. Meno ya bandia? Hapana. Vipuli, pini, bangili? Nilikuwa nimemvua mwenyewe, nikampapasa mishono ya nguo mara tatu. Swali la kumi na nne liliuliza kama amejipaka vipodozi usoni. Nikaandika Hapana, nikapiga mstari chini yake, maana mtoto yule hata poda hajaijua.

Niseme kwanza kwa nini tulikuwa pale.

Baada ya mfungo alianguka mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa jikoni. Alisimama kama aliyesahau jambo, kipande cha chapati mkononi, macho yamekwama ukutani, kisha akaenda chini mzima mzima. Mara ya pili ilikuwa ngazini, na ngazi za nyumba yetu ya Mji wa Kale ni za mawe, zimesimama wima na hazina pa kushika. Alipasuka nyusi. Daktari akasema huenda ni kifafa, watoto wenye usonji hukipata zaidi ya wenzao, na anataka picha ya ubongo aone kama kuna uvimbe au kovu. Lazima alale tuli kama nusu saa. Asipoweza, atapewa dawa ya usingizi.

"Dawa ya usingizi, la," mama akasema palepale. Babake mama, yaani babu yetu, aliingia kupasuliwa ngiri akiwa anacheka na wauguzi, akalazwa kwa dawa hiyo, hakuamka. Mama ndiye aliyekuwa nje ya mlango siku ile. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba mambo yamebadilika.

Kwa hiyo jambo lilikuwa hilo: alale tuli akiwa macho, au tusijue kamwe kwa nini anaanguka, na ngazi ziko palepale.

Lakini mimi nilikuwa na haja yangu nyingine, na sikumwambia mtu.

Sijasoma udaktari. Nilimaliza shule ya sekondari nikaanza kuchapa kadi. Yote ninayoyajua kuhusu ubongo nimeyaokota kwenye simu, kamusi pajani, naandika kwenye daftari la mistari. Nikikosea neno naung'oa ukurasa na kuuandika upya. Nilisoma kwamba sehemu za ubongo hazifanyi kazi kila moja peke yake. Zimeungana kwa mitandao, na watafiti humlaza mtu kwenye mashine bila kumpa kazi yoyote, wakaangalia ni sehemu zipi zinazopanda na kushuka pamoja. Zinazokwenda pamoja husemwa kuwa zinazungumza. Kisha nikasoma kwamba kwa baadhi ya watu wenye usonji mazungumzo hayo si kama ya wengine. Huenda njia za karibu ni nyingi mno na za mbali ni chache, na huenda ndiyo sababu kumtazama mtu, kumsikiliza na kumjibu kwa pamoja kukawa kazi nzito.

Nilielewa mara moja, au nilidhani nimeelewa, kwa sababu ndivyo tunavyoishi. Mtaani kwetu kuna vichochoro kumi vya kukufikisha kwa jirani mmoja, lakini lori litokalo bandarini kwenda bara lapita daraja la Makupa, na Makupa ikiziba, imeziba. Nilichora ramani hiyo kwenye daftari. Nikamweleza mama jikoni kwa sauti ya mtu mwenye shahada ukutani. Mama akaacha kukuna nazi akanisikiliza, akauliza, "Kwa hivyo ananipenda, ila barabara ndiyo mbovu?" Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo! Wiki mbili baadaye nikasoma wengine walioona kinyume, kwamba njia za mbali kwa watoto wengine ndizo nyingi mno, na kwamba hata mtu akitikisa kichwa kidogo tu mashineni hesabu yote hupotoka. Sikurudi jikoni kumwambia. Nilimwacha na barabara yake mbovu, na kila nikimwona ametulia nilihisi nimemwibia kitu.

Basi nilitaka ile picha kwa sababu hiyo. Nilitaka daktari aninyooshee kidole aseme: hapa, binti, ndipo palipokatika, ndiyo sababu mdogo wako hakusalimii. Kwetu mtoto humsalimu mkubwa akambusu mkono, na asiyesalimu huhesabiwa hana kwao. Yeye hasalimu. Hupita katikati ya wageni kama anayepita katikati ya viti. Jirani yetu wa chini, mwanamke mwenye ulimi, aliwahi kumwambia bibi yetu, tunayeishi naye, "Huyu wenu ataolewa na nani, na salamu hajui?"

Bibi hakuinua hata kichwa. "Ataolewa na mwenye haja ya mke. Mwenye haja ya kasuku na ende sokoni."

Nilicheka na wengine. Lakini maneno yale hayakunitoka, kwa sababu mimi nasalimu vizuri mno, na nasalimu vizuri kwa sababu nafanya mazoezi. Kabla ya kuingia dukani kununua unga huipanga salamu kichwani, na jibu lake, na jibu la jibu. Nikitoka hurudia yote kuona nilikosea wapi. Kuna siku nimezunguka mtaa mzima kumkwepa mtu ninayempenda, kwa vile sikuwa nimejiandaa. Nilikuwa natafuta kosa kwenye ubongo wa mdogo wangu, na kwa siri nilikuwa naogopa kwamba lingekuwa na sura yangu.

Nilimfundisha kulala tuli kwa wiki tano. Chini ya ngazi tuna uwazi mwembamba wa kuwekea magunia. Niliyatoa magunia nikatandika godoro, nikamlaza chali, nikamwekea usoni kikapu cha plastiki cha matunda, maana nilijua mashineni kichwa huwekwa ndani ya kitu kama tundu la ndege. Nikawasha kwenye simu mlio wa mashine nilioupata mtandaoni: go go go go, kisha mvumo, kisha tena go go go. Siku ya kwanza alitoka baada ya sekunde kumi na kikapu kikiwa bado kichwani. Siku ya sita alikaa dakika mbili. Nilikuwa na karatasi ukutani na kila siku naweka alama. Alama ya chini kuliko ya jana ilinikosesha hamu ya kula.

Jirani wa chini akapaaza sauti, "Jamani, mwapasua mawe humo?"

"Twachimba kisima!" bibi akamjibu.

Wiki ya nne alifika dakika ishirini na tano, mikono ubavuni, anapumua kidogo kidogo. Nikamwambia mama kwa fahari kwamba zimebaki tano tu. Mama aliitazama ile karatasi.

"Mwanangu," akasema, "nduguyo si mtihani."

Nikasema najua. Kesho yake nikaweka alama.

Asubuhi ya siku yenyewe tulifanya kila kitu kama kawaida, kwa sababu nilikuwa nimeagiza kila kitu kifanywe kama kawaida. Mdogo wangu huishi kwa mpangilio. Huamka, huoga, hukaa kwenye mkeka karibu na dirisha la bibi, na bibi hutoa kichupa cha wanja. Bibi hujitia mwenyewe kwanza, kisha mama, kisha mimi, kisha yeye, kwa umri, na mtu akirukwa lazima tuanze upya. "Ndoo, mato yangu," bibi humwambia, njoo, macho yangu, na yeye husogea. Ni wakati pekee katika siku ambapo huleta uso wake karibu na wa mtu. Hatazami macho ya bibi, hutazama kijiti. Lakini huja.

Bibi alibaki nyumbani kwa ajili ya magoti yake. Sisi watatu tukapanda tuktuk hadi hospitali, na njia nzima nilikuwa nahesabu upya: pini, vipuli, bangili, mishono.

Mpiga picha alikuwa dada mmoja mwenye lafudhi ya watu wa Kaloleni, mcheshi, kalamu ameichomeka kwenye nywele. Aliisoma fomu yangu akasema haijawahi kuletwa nadhifu hivyo. Nilifurahi hadi nikaona haya. Kisha akainama kumwangalia mdogo wangu.

"Dada, hapa swali la kumi na nne umeandika hapana."

"Ndiyo. Hapana."

"Na haya machoni ni nini, masizi?"

"Wanja."

"Na wanja si kipodozi?"

Nilifungua mdomo. Kwetu mtoto hutiwa wanja kabla hajafikisha arubaini. Babu alitia kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Nimetiwa wanja kila siku ya maisha yangu, na haikuwahi kunipitia akilini kwamba uso wenye wanja umepakwa kitu. Ni kama niulizwe nimevaa nini, nitaje ngozi.

"Ni dawa ya macho, mwanangu," mama akaingilia. "Hata marehemu babangu akitia."

"Mama, sumaku haimjui marehemu, Mungu amrehemu," dada yule akasema kwa upole. "Wanja mwingine una chembe za madini. Ndani mle zaweza kupata moto zikamuunguza jicho. Na hata zisipomuunguza, picha ya huku mbele, nyuma ya macho, itaharibika. Ufuteni vizuri, nami nitamwingiza. Nina wagonjwa wengine wanangoja, ninyi nawapa dakika ishirini."

Nyuma ya macho. Ndipo hasa nilipotaka kupaona.

Mama alikuwa na chupa ndogo ya mafuta ya nazi mkobani, ya nywele. Tukaomba pamba. Nikaichovya, nikapiga magoti mbele ya mdogo wangu kwenye benchi la ukumbini na kusogeza mkono. Akageuza kichwa. Nikasogeza tena. Alitoa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu alipokuwa mdogo, nyembamba, ya kupanda, akaanza kujipiga kichwa kwa nyuma ukutani. Mama alimkinga kwa kiganja. Watu wote wa ukumbi wakatugeukia. Mzee mmoja akasema, "Msomeeni mtoto dua." Mwingine akasema, "Ameachiliwa mno huyo."

Nilitazama saa. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na nne. Sina budi kusema nilichofikiri, kwa sababu nimekibeba tangu siku ile. Nilifikiri: wiki tano zangu. Sikufikiri juu ya ngazi, wala kifafa, wala jicho lake. Nilifikiri juu ya karatasi yangu ukutani. Nikamshika kidevu kwa nguvu.

Akaniuma. Nilistahili.

"Mwache," mama akasema. "Mwache, mwache, nimesema mwache."

Nikakaa sakafuni na pamba mkononi. Mama naye akaishiwa. Alikuwa ameketi kando yake, kiganja bado kipo kati ya kichwa na ukuta, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti. Nafikiri alikuwa anaiona dawa ya usingizi, na mlango ule mwingine. Akachukua ncha ya mtandio kwa mkono uliobaki akajifuta jicho. Wanja wa jicho lile ukatoka wote, ukaacha doa jeusi kitambaani na jicho moja tupu.

Sauti ya mdogo wangu ikakatika.

Alikuwa anamtazama mama. Anatazama jicho lile lililofutwa, kisha lile lisilofutwa, kisha lile lililofutwa. Akanyoosha mkono bila kuniangalia akainyakua pamba kiganjani mwangu. Akamfuta mama jicho la pili. Alifuta polepole, kona ya ndani hadi ya nje, kama bibi anavyotia, ila kinyume. Mama alishikilia pumzi. Uso wa mtoto ulikuwa umbali wa kiganja kutoka wake.

Kisha akashuka benchini, akakaa sakafuni mbele yangu.

Miaka kumi na minne sikuwa nimewahi kuyaona macho yake yakiwa yameelekea yangu kwa muda unaozidi sekunde moja. Ni ya hudhurungi, na la kushoto lina doa dogo karibu na mboni ambalo sikulijua. Sijui alikuwa ananitazama mimi au anatazama kazi. Nimejiuliza mara nyingi, na niliposoma baadaye nikakuta hata waliosoma wanajiuliza. Alinifuta la kulia, akanifuta la kushoto. Mafuta yakaniingia, yakanichoma, sikupepesa.

Kisha akanirudishia pamba, akafumba macho, akaleta uso.

Bibi hakuwapo, basi zamu ilikuwa imeanzia kwa mama, ikaja kwangu, sasa ikawa yake. Kwa umri. Nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa kile alichokuwa amekipanga yeye.

Dada yule wa picha akamkagua kwa tochi ndogo. "Mmebakisha kidogo kwenye mizizi ya kope, nitapafuta. La, ngojeni, simgusi. Wewe mfute." Nikamfuta. Akaingia.

Mama na mimi tukabaki nje ya mlango. Mlio ukaanza, go go go, mkali kuliko wa simu, na mama akanishika mkono palepale aliponiuma mdogo wangu. Nilisema kimoyomoyo kila dakika niliyokuwa nimeiwekea alama. Dakika ya ishirini na tatu mlio ukakatika. Alikuwa amebinya kimpira cha kuita, kile ambacho mgonjwa hupewa mkononi. Nikajua imeisha, nimeshindwa, kwani sikumfundisha kuhusu kimpira, tulikuwa hatuna. Mlango ukafunguka.

"Amechoka," dada yule akasema. "Lakini picha nilizozihitaji nimezipata. Huyu ametulia kuliko watu wazima wangu wote wa leo. Nani alimfundisha?"

Mama akaninyooshea kidole. Mimi nilikuwa nimegeukia ukuta.

Wiki iliyofuata daktari alitusomea majibu. Hakuna uvimbe, hakuna kovu. Kuanguka kwenyewe, alisema, bado anaamini ni kifafa, picha safi haikikanushi, na akamwandikia vidonge. Mama alishukuru Mungu kwa sauti. Mimi nikatoa daftari.

Alilipitia, ukurasa baada ya ukurasa, na ile ramani yenye Makupa akaitazama mara mbili. Kisha akaniambia kwamba picha hii huonyesha jinsi nyumba zilivyojengwa, haionyeshi watu wanazungumza nini ndani. Iko njia ya kuangalia mazungumzo, ila hutumika zaidi na watafiti, nao hulinganisha watu wengi kwa pamoja. Hakuna anayeweza kuchukua picha ya mtoto mmoja akasema hapa ndipo salamu ilipopotelea.

"Na yangu?" nikauliza. Ilinitoka. Mama akageuka.

"Yako ya nini?" daktari akauliza.

Nikasema, "Nilikuwa nauliza tu." Alinitazama kidogo, akaandika jina la mtu wa kuzungumza naye kwenye kipande cha karatasi, akakiweka ndani ya daftari. Kimo humo bado. Nimekwisha kuipanga simu hiyo kichwani, salamu, na jibu, na jibu la jibu. Sijaipiga.

Tulipofika nyumbani nilimwambia mama jikoni kwamba ile habari ya barabara niliisema kwa uhakika nisiokuwa nao. Alikuwa anachambua mchele. "Nilijua," akasema. "Uliisema haraka mno."

Vidonge anavimeza na hajaanguka tangu hapo, lakini kila nikisikia nyayo zake ngazini huacha ninachofanya hadi zifike chini. Karatasi ya alama niliibandua ukutani. Gundi iliacha alama nne ambazo zinanikera kila siku.

Na asubuhi zimebadilika. Bibi hujitia wanja, humtia mama, hunitia mimi, humtia mdogo wangu. Kisha mdogo wangu huinuka, huchukua pamba na mafuta ya nazi, na hutufuta sote, kwa umri.

"Wanja wangu waisha!" bibi hulalamika, macho ameshayafumba tayari.

Halafu yote huanza upya. Huchelewa kazini, mimi ambaye sikuwahi kuchelewa, na mwenye duka ameanza kuniuliza kama nina mchumba. Sijali, au najali kidogo kuliko zamani. Zamu yangu ikifika anakaa mbele yangu na macho yake yanakuja, na lile doa la kushoto, na mimi nafanya kama alivyofanya yeye chini ya ngazi: mikono ubavuni, napumua kidogo kidogo, sitikisiki mpaka amalize.